Kompyuta ya gemu kwa Sh 45,000: anza na kasha na pawa saplai

Mpwa wangu alishuka Kondele, hapa Kisumu, akitoka Ahero na Sh 45,000, pesa ya mpunga wa misimu miwili kwenye nusu ekari aliyopewa na babake. Pamoja na pesa alikuwa na picha kwenye simu: kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, RX 580 ya GB 8, mtumba, Sh 13,000. Akaniambia, "Anti, tuanze na hii. Hivyo vingine tutatafuta polepole."

Nikamwambia aweke simu chini kwanza, tunywe chai.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Meza yangu iko nyuma ya saiba moja hapa Kondele, na huu ni mwaka wa tisa. Wateja wanaoniumiza roho si wale wanaokuja na pesa kidogo. Ni wale waliotangulia kununua kadi. Kijana anafungua gazeti, ndani mna kadi nzuri kabisa, halafu anatoa kompyuta isiyoweza kuibeba. Kasha ni jembamba, kadi haiingii. Au inaingia, lakini pawa saplai, lile boksi la umeme la kompyuta, haina waya wa kuilisha. Au waya upo, ila wati hazitoshi, na kompyuta inazima kila mechi inapopamba moto. Kinachobaki ni kuiuza kadi kwa hasara, na hasara hiyo ndiyo ingenunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

Kwa hivyo nilimpa mpangilio ninaompa kila mwenye bajeti ndogo: gemu, skrini, kasha na pawa saplai, prosesa (ubongo wa kompyuta), halafu ndipo kadi. Ukifika kwenye kadi kwa njia hiyo, utakuta vile vilivyotangulia vimeshakuchagulia.

Gemu gani hasa?

"Zote" si jibu. Nilimtaka ataje tatu tu. Akataja FC, ile ya mpira wa miguu, ya kucheza na marafiki, GTA V, na Valorant ambayo wenzake wa shule wanacheza.

Kila gemu ina orodha mbili kwenye ukurasa wake wa mauzo: ya chini kabisa na ile inayopendekezwa. FC 24, kwa mfano, ya chini ni prosesa ya Core i5-6600K, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Inayopendekezwa ni i7-6700, RAM GB 12 na GTX 1660. GTA V ilipofika kwenye kompyuta mwaka wa 2015, walipendekeza Core i5-3470, RAM GB 8 na GTX 660, na hiyo i5-3470 ndiyo iliyojaa mpaka leo kwenye kompyuta za ofisi zinazouzwa mitumba. Valorant ni nyepesi kuliko zote mbili, lakini ina sharti lake: kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, yaani chipu ya usalama na mpangilio wa kuwaka kwa usalama, viwe vimewashwa. Kompyuta isiyo navyo haitaifungua, hata ukiiwekea kadi ya laki moja.

Basi mzito kati ya hao watatu ni FC. Ukiitosheleza FC, hizo mbili zinapita. Hapo tayari tulikuwa na sakafu yetu: prosesa isiyo chini ya kizazi cha sita (vizazi nitavieleza mbele), kadi isiyo chini ya 1050 Ti, RAM GB 8 kwenda juu.

Skrini uliyo nayo ni sehemu ya bajeti

Nyumbani kwao kuna monita ya inchi 20 iliyonunuliwa ofisi fulani ilipokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Ina nukta 1600 kwa 900. Yeye aliionea haya, akitaka ya 1920 kwa 1080 kama anazoona kwenye video. Nikampigia hesabu: 1600 mara 900 ni nukta 1,440,000. 1920 mara 1080 ni 2,073,600. Kadi ikichora kwa monita yake ina kazi pungufu kwa karibu theluthi moja katika kila fremu, yaani kila picha inayochorwa. Kwa mtu anayenunua kadi ndogo, hiyo monita ni msaada mkubwa. Tuliibakiza.

Tatizo lake lilikuwa tundu. Monita ile ina tundu la zamani la VGA peke yake, na kadi za NVIDIA tangu GTX za mfululizo wa 10, mwaka wa 2016, hazitoi tena mawimbi ya VGA. Zina HDMI, DisplayPort, na nyingine DVI ya dijitali. Kuna vigeuzi vya kutoka HDMI kwenda VGA vyenye chipu ndani, na hivyo hufanya kazi. Vile vya plastiki tupu vya kutoka DVI kwenda VGA havifai kwa kadi hizi, na mara nyingi havitaingia hata tunduni kwa sababu ya zile pini nne za pembeni. Cha chipu nilikipata kwa Sh 600. Angalia nyuma ya monita yako kabla ya kununua chochote. Nimeona mtu akirudi Siaya usiku na kompyuta nzima asiyoweza kuiwasha kwa kukosa kitu cha mia sita.

Kasha na pawa saplai

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapotelea.

Kwa Sh 45,000, njia inayolipa ni kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, zile wauzaji wanaziita "ex-UK": Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimetengenezwa imara, na ofisi za huko huzibadilisha zikiwa bado na nguvu. Lakini jina moja la kompyuta huja kwa makasha matatu. Kuna mnara, ambao wauzaji wanauita tawa. Kuna jembamba, lenye herufi SFF. Na kuna lile dogo la ukubwa wa kitabu kinene, ambalo halina kabisa mahali pa kadi ya grafiki. Madukani yamejaa majembamba kwa sababu ofisi huyapenda, na bei yake huwa chini. Jembamba linakubali kadi ya nusu kimo tu, na kadi hizo ni chache na muuzaji huongeza bei akijua huna pengine pa kwenda. Tafuta mnara. Tulizunguka Oginga Odinga Street asubuhi nzima kabla ya kuupata, na sijutii hata hatua moja.

Halafu pawa saplai. Soma kibandiko chake, usimuulize muuzaji. OptiPlex 7060 ya mnara ina wati 260. Ndugu yake jembamba ana wati 200. Kadi ya grafiki inayoishi kwa umeme wa tundu la mazabodi (ubao mkuu wa ndani) peke yake hupewa wati 75, basi. Inayotaka zaidi lazima iwe na plagi ya pini 6 au 8 inayotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na kompyuta hizi za ofisi mara nyingi hazina plagi hiyo. Ile RX 580 ya mpwa wangu inakula wati 185. Sasa jumlisha mwenyewe: prosesa ya wati 65, kadi ya 75, na tuseme 50 za mazabodi, RAM, diski na feni. Ni 190. Kwenye 260 unapumua vizuri. Weka 185 mahali pa 75, unafika 300, na kompyuta itakuzimikia katikati ya mechi.

"Si tutabadilisha pawa saplai?" aliniuliza, na swali lake ni la haki. Kwenye kompyuta nyingi za ofisi za miaka hii plagi ya mazabodi si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hivyo unahitaji adapta, na wakati mwingine hata umbo la pawa saplai mpya halikai ndani ya kasha. Inawezekana, nimeshafanya, ila ni pesa nyingine na siku nyingine.

Na zile pawa saplai mpya za bei ya chini zilizoandikwa 500W kwa herufi kubwa, jihadhari nazo. Ninayo moja kwenye rafu, naitumia kufundishia. Kibandiko kikubwa kinasema 500W. Lakini prosesa na kadi hulishwa na mstari wa volti 12, na kwenye jedwali dogo la pembeni mstari huo umeandikwa ampea 18. Zidisha 12 kwa 18: wati 216. Hizo ndizo wati zako za kweli, na hata hizo sina imani nazo, kwa sababu ukiishika mkononi ni nyepesi kama boksi la viatu lisilo na viatu. Pawa saplai ya maana ina uzito. Tafuta jedwali, zidisha, ndipo utoe pesa.

Kitu kimoja zaidi, kifupi lakini cha kuokoa kompyuta: pawa saplai za zamani huwa na swichi nyekundu nyuma, 115 au 230. Stima yetu ni volti 240. Hakikisha inasoma 230 kabla ya kuchomeka.

Kusoma namba ya prosesa

Dukani mwa pili tulipoingia kulikuwa na kompyuta yenye karatasi iliyoandikwa CORE i7 kwa kalamu nyekundu, bei juu ya zote. Mpwa wangu akasimama hapo. Nikamwomba mwenye duka aiwashe, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nikafungua sehemu ya utendaji. Ilikuwa i7-2600.

Namba hizo zinasomeka hivi. Baada ya kistari, tarakimu ya kwanza ni kizazi: 2600 ni cha pili, cha mwaka wa 2011. 3470 ni cha tatu. 4570 cha nne. 6500 cha sita. 8500 cha nane. Zikiwa tarakimu tano, soma mbili za kwanza: 12100 ni cha kumi na mbili. Hiyo i3, i5 au i7 ni cheo ndani ya kizazi chake, kama cheo cha nyumbani kwako ambacho hakikufikishi mbali ukienda kijiji kingine. Core i3-12100 ya mwaka wa 2022 inaishinda i7-4770 ya mwaka wa 2013, sembuse hiyo 2600.

Mipaka ninayoiangalia ni miwili. Wa kwanza ni kizazi cha nne: kuanzia hapo ndipo prosesa za Core zilipopata maagizo yanayoitwa AVX2, na kuna gemu mpya zinazokataa kabisa kufunguka bila hayo. Wa pili ni kizazi cha nane: hapo ndipo Windows 11 inapoanza kuzikubali rasmi prosesa za Intel. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa anayecheza Valorant na anayetaka kompyuta imfikishe miaka kadhaa mbele, kizazi cha nane ndicho nilichomshikilia nacho mpwa wangu, hata muuzaji alipomshushia bei ya cha nne mara mbili. Tuliipata i5-8500: viini sita, wati 65, ndani ya OptiPlex 7060 ya mnara, yenye TPM 2.0, RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Sh 22,000 baada ya kubembelezana.

Angalia pia herufi ya mwisho. T ni prosesa iliyopunguzwa nguvu ili isile stima, utaikuta kwenye makasha madogo. I5-8500T si sawa na i5-8500. F ina maana haina grafiki ya ndani, yaani bila kadi hutaona hata picha ya kuwakia. Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, G ina maana kinyume chake: grafiki ya ndani ipo na ina nguvu.

Niseme kidogo kuhusu hiyo G, kwa wale wenye elfu hamsini na kitu na wanaotaka vifaa vipya. Ryzen 5 5600G ina viini sita na grafiki inayoweza kucheza Valorant na GTA V bila kadi yoyote. Unanunua mazabodi ya A520 au B450, pawa saplai ya kweli, na kadi unaiongeza mwaka unaofuata, labda RX 6600 inayokula wati 132. Ukienda njia hiyo weka RAM vipande viwili, si kimoja: grafiki ya ndani huazima RAM ya kompyuta, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitia. GB 8 mbili zinaishinda GB 16 moja kwa tofauti utakayoiona kwa macho. Ila mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya duniani kote, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde, kwa hivyo piga hesabu upya kila mwezi. Nilipompigia mpwa wangu, njia hii ilipita bajeti yake kwa zaidi ya elfu kumi. Tukaiacha.

Sasa kadi

Ukishajua una wati 75 na mnara, orodha inakuwa fupi yenyewe. GTX 1050 Ti, ya mwaka wa 2016, GB 4. GTX 1650, ya mwaka wa 2019, GB 4, yenye nguvu zaidi kwa wati hizohizo. RTX 3050 ya GB 6, ya mwaka wa 2024, wati 70, nzuri kuliko zote hizo lakini kwa bajeti hii iko mbali. Kwenye 1650 kuna mtego: viwanda vingine vimeiongeza kasi na kuiwekea plagi ya pini 6. Kadi ni ileile jina, ila hiyo haitawaka kwenye kompyuta isiyo na waya huo. Omba picha ya ukingo wa juu wa kadi, uone kama kuna tundu la plagi.

RX 6400 nayo inakula wati 53 tu na watu huipigia debe. Lakini inatumia njia nne peke yake za PCIe, lile tundu linaloiunganisha kadi na mazabodi, na kwenye kompyuta za kizazi cha nane, ambazo PCIe yake ni ya 3.0, njia hizo nne ni finyu. Gemu inapojaza zile GB 4 unaanza kuona mshtuko wa picha. GT 710 na GT 730 ziache, hizo ni za kuonyesha maandishi. GT 1030 ziko mbili kwa aina ya kumbukumbu, ya GDDR5 na ya DDR4, na ya DDR4 ni dhaifu sana ingawa boksi linafanana. Na ukiwa na pawa saplai ya kubeba RX 580, uliza kama ni ya kweli au ile iliyoandikwa 2048SP, ambayo ndani yake ni sawa na RX 570.

Sasa niwaambie kilichonipata mwenyewe, kwa sababu hadi leo kinaniuma. Mwaka wa 2019 mama mmoja wa Manyatta alinipa Sh 9,000 nimtafutie mwanawe 1050 Ti. Niliiona mtandaoni, muuzaji yuko Nairobi, nikatuma pesa, ikaja kwa basi. Windows ikaiita 1050 Ti. Mvulana akafungua gemu, picha ikakwama kama mkokoteni kwenye matope. Nikafungua GPU-Z, programu inayosoma kadi, na mbele ya jina pakaandikwa FAKE. Ilikuwa chipu ya zamani, ya takriban mwaka wa 2010, iliyobadilishiwa programu ya ndani ili ijitaje kwa jina jipya. Simu ya muuzaji ikawa haipatikani. Nilimlipa yule mama pesa yake yote kwa miezi mitatu, kidogo kidogo, kwa sababu aliniamini mimi.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na sitauvunja hata kwa ndugu. Natembea na flashi yenye programu za kupimia: GPU-Z, CPU-Z ya prosesa, CrystalDiskInfo ya diski, na FurMark ya kuichosha kadi. Kadi ikiwa Kisumu, naipima mbele ya muuzaji: GPU-Z kwanza, kisha FurMark dakika 15. Natazama joto lisipite nyuzi 85, nasikiliza feni kama zinakwaruza, natazama skrini kama inatoa vidoa au mistari. M-Pesa natuma baada ya hapo. Kadi ikiwa Nairobi, namwomba muuzaji video ya GPU-Z ikiwa wazi, na kando yake karatasi yenye tarehe ya siku hiyo na jina langu kwa mkono. Mwenye kadi ya kweli hutuma ndani ya dakika kumi. Asiye nayo huanza kukasirika. Kadi ya mpwa wangu, GTX 1650 isiyo na plagi, ilitoka Luthuli Avenue; binamu yangu anayefanya kazi karibu na hapo alienda kuishika kwa mkono, akaipima, akalipa Sh 12,500, akaipakia kwenye basi la usiku kwa Sh 300. Risiti ina namba ya kadi yenyewe na siku za dhamana. Risiti isiyo na namba ya kifaa haitakusaidia ukirudi dukani.

Msiziogope sana kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi mwezi Septemba 2022 na nyingi zikaingia sokoni. Kinachochoka kwanza ni feni na pesti ya joto, na vyote viwili vinabadilishika.

RAM na diski, kwa haraka

GB 16 kama unaweza. Kompyuta ilikuja na kipande kimoja cha GB 8. Tuliongeza kingine cha GB 8, DDR4, mtumba, Sh 3,800. Kizazi cha nne hutumia DDR3, usinunue kabla ya kufungua kasha na kusoma kilichomo.

Windows iwe kwenye SSD, hilo halina mjadala. SSD ya SATA husoma takriban MB 500 kwa sekunde, diski ya kuzunguka 100 hadi 150. FC tuliiweka kwenye SSD, GTA V kwenye diski ya kuzunguka ya GB 500 niliyokuwa nayo, nikishaona kwenye CrystalDiskInfo kwamba ni nzima. Inachelewa kufunguka, ikifunguka inacheza. Na SSD ya TB 2 inayouzwa bei ya chakula cha mchana, usiiguse. Ndani huwa na kumbukumbu ya GB chache iliyodanganywa ukubwa.

Stima, joto na ziwa

Upande huu wetu wa ziwa una radi kali. Mvua ikianza kunguruma, chomoa kompyuta ukutani, na uchomoe pia waya wa intaneti. Nimezika mazabodi mbili zilizouawa kupitia waya wa intaneti huku wenyewe wakijisifu kwamba stima walizima. Kwa siku za kawaida, nunua kinga ile ya friji, inayosubiri dakika chache stima ikirudi kabla ya kuipitisha, kwa kuwa ule mpigo wa kwanza wa kurudi ndio mbaya. Yetu ilikuwa Sh 1,700. UPS, yenye betri ndani, ni bora zaidi. Ya 650VA kwa kawaida hubeba wati 360 hivi, inatosha mashine hii na monita yake kwa dakika za kuhifadhi na kuzima, si za kumaliza mechi.

Joto la mchana Kisumu hufika nyuzi 30, na kompyuta haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayovuta. Mteja wangu wa Nakuru, ambako ni juu na kuna ubaridi, anapata nyuzi kadhaa pungufu kwa mashine kama hii. Kwa hivyo kwenye mashine ya ofisi iliyotumika, kazi ya kwanza ni kung'oa feni ya prosesa, kufuta pesti iliyokauka na kupaka mpya ya Sh 300. Isikae sakafuni kwenye vumbi la saruji, iinue kwenye stuli, nyuma yake pawe wazi. Na kama unaishi Dunga au popote karibu na maji, unavijua vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa jioni. Vinafuata na mwanga wa monita, feni inavivuta, na vinashikamana na vumbi kwenye mapezi ya kupoozea. Fungua kasha kila miezi miwili na upulize.

Kuhusu tokeni, ambazo dadangu aliniuliza kabla ya kitu kingine chochote: mashine na monita zikila wati 200 kwa saa 3 kila siku, ni yuniti 0.6 kwa siku, yuniti 18 kwa mwezi. Mpwa wangu ameahidi kuzilipa mwenyewe.

Kibodi na mausi vya mtumba, Sh 1,100. Jumla yote ikafika Sh 42,300. Niliingia kwenye bayosi, mipangilio ya ndani ya kompyuta, kwa F2, nikawasha TPM na Secure Boot, nikaweka draiva, tukapima FC kwa 1600 kwa 900, ubora wa wastani: fremu 60 kwa sekunde, thabiti, hata saa nane mchana mlango ukiwa umefungwa. Kijana alicheza mechi mbili bila kusema neno, kisha akaniuliza kama anaweza kulala hapohapo saibani.

Sh 2,700 zilizobaki hazikuguswa. Ndani ya mlango wa kasha nilimbandikia karatasi yenye vitu vya kununua mpunga ukivunwa tena: UPS, halafu SSD ya GB 500 kwa ajili ya GTA V. Chini yake nimeandika "pawa saplai W 260, kadi isizidi W 75", ili hata fundi mwingine akiifungua aone.